Oili ya IST 1NZ-FE: usikubali SAE 40

Mkuu, unasema fundi anakwambia uweke oili ya SAE 40 kwenye Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ-FE, kwa sababu ya joto la Dar. Usikubali. Injini hiyo ina VVT-i, yaani mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, unaotumia presha ya oili kupitia vijitundu vyembamba. SAE 40 ni oili ya gredi moja, haina unene mwepesi wa wakati wa baridi, kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi oili inakuwa nzito, inachelewa kufika juu kwenye kemushafti (shafti inayosukuma valvu), na hapo ndipo vyuma vinaposagana.

Weka 5W-30, au 10W-30 ukiikosa; hizi ni za gredi mchanganyiko, nyepesi injini ikiwa baridi. Kwenye kopo tafuta alama ya kiwango cha ubora, API SN au SP. SF na SG ni za zamani.

Mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu, badilisha filta na washa (pete) ya nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ukibadilisha na filta inaingia lita 3.7, kwa hiyo usimwachie fundi amimine galoni zima la lita 4! Ikizidi sana inaweza kupigwa na krenki (shafti inayozunguka chini ya injini), ikatoa povu, presha ikashuka. Washa injini kidogo, zima, subiri dakika 5, ndipo upime kwa dipstiki.

Kagua sili ya kopo kabla ya kulipa, na kopo tupu litoboe, kwa maana wapo wanaojaza upya makopo matupu.