Wikendi ya winta kwenye jumba la mashambani Uingereza: hesabu mwanga kwanza

Hoteli nyingi za majumba ya zamani huko mashambani Uingereza hukupa chumba saa tisa alasiri na kukutaka utoke saa tano asubuhi. Katikati ya Desemba, kusini mwa nchi, jua huzama saa kumi kasoro dakika kumi hivi na kuchomoza saa mbili asubuhi. Sasa piga hesabu. Aliyelipia usiku mmoja, akafika saa tisa kamili, ana dakika hamsini za kuiona bustani iliyomvutia kwenye picha, na picha zenyewe zilipigwa Juni. Kesho yake akimaliza kifungua kinywa ni saa nne, na saa moja baadaye anadaiwa ufunguo. Malalamiko ya kuwa "tumelipa pesa nyingi na hatukufaidi" mara nyingi chanzo chake ni hapo, wala si ubaya wa hoteli.

Kwa hiyo chukua usiku mbili, au usichukue Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ghali kuliko zote, na hoteli nyingi haziiuzi peke yake. Anayeweza kuomba ruhusa kazini siku moja alale Jumapili na kutoka Jumatatu: bei hushuka, spa (sehemu ya bwawa, sauna na masaji) hupumua, na viti karibu na moto havigombewi. Majira ninayoyapendekeza ni wiki za mwisho za Januari. Msimu wa Krismasi umeisha, tarehe 14 Februari na likizo fupi ya shule ya katikati ya Februari bado hazijapandisha bei, na jua limeongeza karibu dakika hamsini jioni, hivyo giza linaingia baada ya saa kumi na nusu.

Kabla ya kulipa, waandikie barua pepe. Simu haifai hapa, kwa sababu unataka jibu la maandishi la kuonyesha mapokezi. Maswali ni manne. Je, bei ya chumba inajumuisha spa, au bwawa tu, na sauna (chumba cha joto kavu) inalipiwa kando? Je, mgeni anaruhusiwa kutumia spa kabla ya kupewa chumba na baada ya kukirudisha? Je, kuna zamu? Wikendi spa nyingi humpa mgeni wa hoteli saa mbili tu kwa siku, na zamu nzuri huchukuliwa mapema. La nne: nafasi gani za masaji zimebaki tarehe hizo? Watu huweka chumba Oktoba, wakakumbuka masaji Alhamisi ya safari, wakaambiwa imebaki nafasi moja saa tatu asubuhi Jumapili. Weka vyote siku moja. Mkiwa wawili na mnataka kukandwa chumba kimoja, harakisheni zaidi, maana vyumba vya namna hiyo ni vichache.

Kama spa inafunguliwa kwako mapema, fika saa tano au saa sita mchana. Mizigo itawekwa mapokezi. Ila pakia mfuko mdogo wa spa kando: vazi la kuogelea, mafuta, kitambaa cha nywele, dawa zako. Kufungua sanduku zima sakafuni kwenye ukumbi wa mapokezi, chupi juu ya zulia, ni jambo la aibu linaloepukika.

Kuhusu chumba, soma maelezo kwa jicho la mnunuzi wa gari la mkononi. "Chumba cha uani" au "cha zizini" maana yake kiko kwenye zizi la zamani la farasi lililogeuzwa, hatua mia moja kutoka jumba kuu. Kiangazi ni raha. Winta unavuka kokoto zenye barafu ukiwa umevaa joho la taulo na kandambili kwenda spa, na unarudi nywele zimelowa. Lakini pia mazizi hayo mara nyingi yana joto kuliko jumba lenyewe, kwa sababu yalipogeuzwa yaliwekewa madirisha na mabomba mapya. Jumba kuu likiwa limeorodheshwa na sheria kama jengo la kihistoria, mwenye hoteli hawezi kubadilisha madirisha bila kibali, kwa hiyo unalala kando ya kioo cha tabaka moja chenye fremu ya mbao inayopitisha upepo. Lifti huenda haipo, na vyumba vya juu kabisa, walikolala watumishi zamani, ni vidogo na vina dari ya mteremko. Kama unakuja na mama mwenye magoti mabovu, uliza ngazi ni ngapi.

Ukiingia chumbani, gusa kipasha joto cha ukutani papo hapo. Kama ni baridi au kinatoa joto upande mmoja tu, sema saa tisa hiyohiyo, maana hita za kubebeka ni chache na usiku wa manane fundi hayupo. Funga mapazia kabla giza halijaingia. Mapazia mazito husaidia kuzuia baridi ya dirishani. Nguo zilizolowa zikianikwa juu ya kipasha joto huzuia joto kufika chumbani, kisha mtu akalalamika kuwa anaganda.

Safari yenyewe ina mitego miwili. Ukienda kwa treni, mfano kutoka London, stesheni ya Paddington hadi Moreton-in-Marsh au Kingham kwa hoteli za eneo la vilima la Cotswolds, au stesheni ya Waterloo hadi Brockenhurst kwa zile za eneo la misitu la New Forest, angalia ratiba ya Jumapili kwanza. Matengenezo ya reli hufanywa wikendi, na treni hugeuka basi linalozunguka vijiji vyote. Pili, usitegemee teksi kukungojea kwenye stesheni ya kijijini. Weka teksi ya kwenda na ya kurudi siku unapolipia chumba; jioni ya Ijumaa dereva wa eneo zima anaweza kuwa mmoja. Wanaosafiri wawili watazame kadi ya reli ya watu wawili, inayopunguza theluthi ya nauli, ila siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi.

Kwa gari, panga ufike mchana. Njia za vijijini hazina taa, na asubuhi kuna utando wa barafu usioonekana, hasa chini ya miti na juu ya madaraja. New Forest farasi wadogo na ng'ombe hutembea huru barabarani, ndiyo maana njia zisizo na uzio zina kikomo cha maili 40 kwa saa. Weka kikwangua barafu garini. Usimwagie kioo maji ya moto ya birika; kinaweza kupasuka. Simu nayo huweza kukosa mtandao kilomita tatu za mwisho, hivyo hifadhi ramani na namba ya mapokezi mapema.

Mpango wa siku ni rahisi: nje wakati wa mwanga, majini wakati wa giza. Toka kutembea saa nne asubuhi na uwe umerudi saa nane mchana. Kwenye matope mwendo ni kama kilomita tatu kwa saa, kwa hiyo duara la kilomita sita linatosha. Hoteli nyingi huazimisha gambuti. Chukua saizi moja juu ya yako, uvae soksi mbili. Fuata njia ya umma, funga kila geti ulilolifungua. Ukisikia milio ya bunduki usikimbie: msimu wa kuwinda ndege wa porini aina ya pheasant ni Oktoba 1 hadi Februari 1. Baki njiani tu.

Kwa Mwislamu hesabu inabana zaidi. Desemba adhuhuri huingia saa sita, alasiri kabla ya saa nane, na magharibi kabla ya saa kumi. Zamu ya spa ya kuanzia saa saba hadi saa tisa inameza alasiri na kukutoa mbio kuelekea magharibi. Omba zamu ya kuanzia saa kumi na nusu.

Na hiyo saa kumi na nusu ndiyo saa tamu kwa kila mtu. Bwawa la nje lenye maji ya moto, mvuke unapanda, mbingu imeanza kuwa ya samawati iliyokolea, wewe una kofia ya sufu kichwani. Kofia si mzaha: mwili uko kwenye joto, masikio yako kwenye nyuzi sifuri. Tundika joho lako chini ya paa. Likiachwa kwenye kiti cha nje utalikuta limelowa na baridi kama samaki. (Mabwawa haya yana historia zake: la Cliveden, Buckinghamshire, ndiko John Profumo, waziri wa vita, alikokutana na mwanamitindo Christine Keeler Julai 1961; uhusiano wao wa siri ukawa kashfa, na mwaka 1963 akajiuzulu.)

Ndani ya spa, anza kwa kuoga kwa sabuni, losheni zote zitoke, kisha jikaushe. Ngozi kavu hutoka jasho haraka kuliko iliyolowa. Sauna huwa kati ya nyuzi 70 na 90 au zaidi. Keti benchi la chini, juu ya taulo, dakika nane hadi kumi na mbili. Vua pete na mkufu, maana chuma kinachoma. Toka, jimwagie maji baridi kuanzia miguuni kupanda juu, pumzika dakika kumi na tano, kunywa maji. Mizunguko miwili au mitatu imetosha. Chumba cha mvuke kina nyuzi 40 na kitu tu, ila unyevu wake hufanya joto lionekane kali. Jakuzi (beseni kubwa la maji moto yenye mapovu) isizidi dakika kumi na tano. Wanaozimia mara nyingi ni wale waliokunywa mvinyo mchana, au waliotoka jakuzi kwa kusimama ghafla.

Masaji iwe baada ya joto, wala usioge mafuta yakatoka. Kusugua ngozi kuje kabla ya kukandwa. Usinyoe wala kutoa nywele kwa nta siku hiyo, utawashwa. Hina na piko hupauka haraka kwa maji yenye klorini na kusuguliwa, kwa hiyo kama harusi ni wiki ijayo, acha huduma ya kusugua.

Fomu ya afya jaza kwa ukweli, tena kabla ya safari. Mwenye mimba, mwenye presha au aliyefanyiwa upasuaji karibuni anaweza kukataliwa mlangoni, na pesa isirudi. Mjamzito aache sauna na jakuzi. Mwenye selimundu asiingie kabisa kwenye dimbwi la maji ya barafu: baridi ya ghafla inaweza kuamsha maumivu makali, na hospitali haiko jirani.

Nywele zetu Waafrika zinataka maandalizi yake. Zilowanishe kwa maji safi na mafuta kabla ya bwawa; nywele zilizokwisha kunywa maji hazinyonyi klorini sana. Kofia ya kawaida ya kuogelea haitoshi rasta, nunua ile kubwa. Misuko minene hukauka kwa saa nyingi, kwa hiyo kama chumba kiko zizini, usiloweshe kichwa jioni. Draya utaikuta chumbani, si bafuni, kwa kuwa soketi ya bafuni ni ya mashine ya kunyolea tu. Anayetoka Kenya au Tanzania hahitaji adapta, plagi ni ileile ya pini tatu. Ngozi itapauka kwa sababu ya hita na maji magumu ya kusini. Pakaa mafuta mwili ukiwa bado una unyevu.

Burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, spa nyingi zinalikubali. Swali la kuuliza ni kama kuna saa za wanawake, na mara nyingi jibu ni hapana.

Chakula: chai ya alasiri yenye skonzi na sandwichi ni mlo kamili. Ukiinywa saa kumi, weka chakula cha usiku saa mbili na nusu. Wanaokula halali watoe taarifa siku mbili kabla, na wataje divai kwenye mchuzi na jelatini kwenye vitamu, kwani jikoni wao "bila nguruwe" huona imetosha. Kifurushi cha chumba na chakula mara nyingi kina kikomo cha pesa kwa kila mtu. Nyama ya ng'ombe na vyakula vya baharini huvuka kikomo hicho.

Bili iombe usiku wa kuamkia kuondoka, foleni ya saa tano isikukute. Tozo ya huduma, kwa kawaida asilimia 12.5, ni ya hiari, na tangu Oktoba 1, 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi zote. Kisha tazama nyuma ya mlango wa bafu na juu ya kipasha taulo. Vazi la kuogelea liko hapo.