Kitabu kisicho na maneno husomwaje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Shemeji yangu amerudi likizo kutoka Australia, akamletea mwanangu wa darasa la sita kitabu kiitwacho The Arrival. Nikafurahi, nikijua Kiingereza chake sasa kitanyooka. Kukifungua, picha tupu mwanzo mpaka mwisho! Nimekimaliza kwa robo saa. Je, si cha watoto wa chekechea hiki? Nimpe, au nimtafutie kingine?
Baba J., Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe, tena ukae naye. Wewe umekifunua tu, hujakisoma.

Aliyekichora ni Shaun Tan, Mwaustralia ambaye baba yake alihamia huko kutoka Malaysia. Kilitoka mwaka 2006. Kinamhusu mwanamume anayewaacha mkewe na binti yao, akavuka bahari kutafuta maisha. Mji anaofikia umejaa maandishi kila mahali, ila herufi zake mchoraji amezibuni mwenyewe. Huzisomi wewe, hazisomi profesa wa UDOM. Sote tunashuka melini pamoja na yule bwana, hatujui hili wala lile. Yangewekwa maelezo chini ya picha, tungejua mambo kabla ya mgeni mwenyewe, na kitabu kingeharibika.

Rudi pale anapopata kibarua cha kubandika matangazo. Anayabandika kichwa chini, miguu juu, maana atajuaje? Ukurasa ule ulinishika. Nilikuja Dodoma kutoka Pangani nikiwa msichana, nimeajiriwa maktaba. Sokoni akina mama wa vijijini waliniamkia “Mbukwenyi”, nami nikabaki kutabasamu. Ugali wa uwele, mlenda uliokaushwa, upepo wenye vumbi, vyote vilikuwa vigeni kwangu. Nilinunua kwa kunyoosha kidole. Yule bwana naye anachora kitanda kwenye daftari ili apate pa kulala.

Usidanganywe na wale wanyama wa ajabu waliochorwa kitabuni, ukadhani yote ni ya kubuni. Tan alitazama pia picha za zamani za Ellis Island, New York, kituo kilichopokea wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Hofu iliyo kwenye nyuso zile ni ya watu wa kweli. Na hadithi za namna hii, za picha bila maneno, ni za watu wazima tangu zamani: Frans Masereel, Mbelgiji, alitoa yake mwaka 1919, picha zote za kuchonga kwenye mbao.

Basi jioni ukishafunika cherehani, kaeni wawili. Mara ya kwanza msiseme kitu. Mara ya pili muulize: huyu anaogopa nini? Mbona yule mzee ana mguu mmoja? Mkifika kwenye mawingu madogo madogo, usimharakishe, hizo ni siku za baharini. Kiingereza nacho hujakikosa. Achague ukurasa mmoja, aandike kinachotokea, kesho mwingine. Maneno atayatafuta mwenyewe kwa sababu ana jambo la kusema.

Kisha mwombe mwalimu wake akipeleke darasani. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, shule zetu zimepokea watoto wengi walioacha marafiki Dar es Salaam, na sijaona kitabu kingine kitakachowafungua midomo kuhusu hilo kama hiki.