Zuhura, ulitokaje?

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, asubuhi na baada ya Isha. Unasema wale waliokuachisha kazi mwaka juzi wamekupigia, mambo yamewaharibikia, wanataka urudi. Unauliza: Mama, nirudi au nisirudi? Kaka yako Hamisi ananiambia nikujibu neno moja tu, yaishe. Neno moja sina. Nina Ranieri.

Usicheke. Yule Mtaliano wa marehemu baba yako, kocha wa Chelsea wakati ule, aliyemtia wazimu. Wewe ulikuwa mdogo, ule usiku wa Aprili 2004 ulilala kwenye mkeka nyuma ya karai langu la mihogo, pale mlangoni kwa kibanda umiza. Chelsea wako Monaco, nusu fainali ya Ulaya, moja kwa moja, na Monaco wamebaki kumi baada ya mwenzao kula kadi nyekundu. Baba yako akatoka nje kuchukua mhogo, kifua mbele, akaniambia, "Kesho nakununulia kanga." Ranieri naye badala ya kutulia akaanza kupangua. Akamtoa beki, akaingiza mshambuliaji, akapangua tena. Ndiyo ilikuwa tabia yake, hata magazeti ya Uingereza yalishampa jina la utani kwa hiyo pangua pangua. Morientes wa Monaco akafunga. Kisha akaingia Nonda. Shabani Nonda! Mzaliwa wa Bujumbura, aliyevaa jezi ya Yanga kabla ya kwenda Ulaya. Akaweka la tatu. Banda zima likamgeukia baba yako, mtu wa Yanga damu damu, waone atalia au atashangilia. Alipiga makofi mawili, akakaa chini. Kanga sijaiona mpaka leo.

Mwisho wa Mei wakamfukuza. Timu imemaliza ya 2, nyuma ya Arsenal ile ambayo haikufungwa hata mechi moja ya ligi, na bado wakamfukuza, wakamleta Mourinho. Msimu mzima mji mzima ulijua anatafutiwa mtu wa kukaa kwenye kiti chake, naye anajua, na kila siku anakwenda mazoezini anatabasamu. Mnanicheka nikisema, lakini nasema tena: mtu usimtazame anavyoingia, mtazame anavyotoka. Ranieri alitoka bila kumtukana mtu.

Sasa hilo la kurudi. Huyu mtu karudi mara nyingi. Valencia ya Hispania alichukua nao Kombe la Mfalme mwaka 1999, akaondoka, 2004 wakamrudisha. Februari 2005 wakamtimua. Nikiishia hapo nitakuambia usirudi, kiporo kikishachacha hata ukipashe moto vipi.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu kuna Cagliari, timu ya kwao Italia. Mtoto wa muuza nyama wa Roma, mchezaji ambaye timu ya Roma yenyewe ilimchezesha mechi chache tu, akaenda kuwa beki Catanzaro miaka minane, hajulikani nje ya kwao. Alipogeuka kocha, Cagliari ndiyo iliyompa jina: aliitoa daraja la tatu, misimu miwili mfululizo akaipandisha, 1990 ikawa Serie A, ligi kuu ya Italia. Zaidi ya miaka 30 baadaye, imeshuka, inahangaika, wakamwita. Akaenda, kazi akaanza Januari 2023. Juni mwaka uleule, mechi ya mwisho ya mchujo wa kupanda daraja, kwao Bari, dakika ya 94, Pavoletti aliyetoka benchi akafunga, Cagliari ikapanda. Mashabiki wa Cagliari wakaanza kuwazomea wenyeji. Yule mzee akawaendea, akawaambia waache, wawapigie makofi Bari. Mimi nilimtazama Hamisi, Hamisi akatazama ukuta. Hapo tena nitakuambia rudi, mwanangu, rudi hata kesho. Unaiona shida yangu?

Na Leicester ndiyo inanichanganya kabisa. Alipofika 2015 alikuwa ametoka kufukuzwa Ugiriki, wamefungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Makampuni ya kamari ya Uingereza yaliuweka ubingwa wa Leicester 5000 kwa 1. Aliwaahidi wachezaji piza wakimaliza mechi bila kufungwa, na walipoweza akawapeleka mgahawani, kufika huko akawaambia wakande unga wenyewe. Kwa hilo peke yake mimi mpishi nilimpenda. Tarehe 2 Mei 2016 Tottenham wakatoka sare 2-2 na Chelsea, Leicester mabingwa. Na ilikuwa Stamford Bridge, nyumbani kwa waliomfukuza! Bao la kusawazisha la Hazard wa Chelsea. Baba yako tulikuwa tumeshamzika, nikapiga kelele peke yangu mpaka mafuta yakanirukia mkononi, lile kovu unaloliona. Siku hiyohiyo Ranieri alikuwa amepanda ndege kwenda Italia kula chakula cha mchana na mama yake mwenye miaka 96. Wewe Dodoma hapo tu.

Februari 2017 Leicester nao wakamfukuza. Hata mwaka haujatimia tangu kombe. Mourinho, yuleyule, akaja kwa waandishi amevaa shati lenye herufi za kwanza za jina la Ranieri.

Sasa najibishana mwenyewe. Huko kutoka kwa adabu, siyo ndiko kunakowazoesha watu kukutupa? Mtu asiyepiga kelele hufukuzwa kirahisi. Nimelifikiria sana hili nikimenya mihogo. Halafu nakumbuka Novemba 2024: kashatangaza kustaafu, ana miaka 73, Roma iko nafasi ya 12, inampigia nani? Yeye, kwa mara ya tatu. Akaimaliza ligi ya 5, pointi 1 tu nyuma ya nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Angetoka kwa matusi zile mara mbili, nani angeishika simu ile?

Zuhura, kuna jambo sijawahi kuwaambieni. Ule mwiko mrefu kama kasia ulioko nyuma ya mlango, ambao Hamisi aliufanya kasia kweli na karai mtumbwi, niliuchukua siku nilipofukuzwa upishi bwenini. Miaka tisa nimewapikia wale watoto. Msimamizi alinipa barua saa sita mchana, ugali uko jikoni. Nikapita katikati ya bwalo, wanafunzi wanakula, nikamtukana yeye na mama yake aliyemzaa. Mama yake alikuwa mgonjwa hajiwezi, nami nilijua.

Muhula uliofuata walimtuma mtu nyumbani, nirudi, mshahara wameongeza. Nyinyi nimewasimulia kwamba nilikataa, nina heshima yangu. Baba yako alikuwa ananitazama tu nikisimulia. Sikukataa kwa heshima. Nilitaka kurudi, tena sana, ada ya Hamisi ilikuwa haijalipwa. Ningepitaje tena katika lile bwalo?

Kwa hiyo nirudi au nisirudi, mimi hilo silijibu. Ukinibana sana nitasema... hapana, sisemi. Ila wakikuletea mkataba wa miezi mitatu mitatu, halafu yule bosi wako wa zamani bado yupo... Haya, nimenyamaza.

Lakini siku ile wewe ulitokaje? Uliniambia kwa simu, "Mama, nimetoka," kisha ukaniuliza fungu la mihogo siku hizi ni bei gani. Nipigie Jumapili, kabla ya mechi.

Mama yako