Folda ya pamoja inagoma kwenye mashine moja tu

Mkuu, umesema wenzako wote wanaingia kwenye folda ya uhasibu, ila mashine yako inagoma tangu ubadilishe nywila. Basi seva, yaani kompyuta inayotunza folda hiyo, iache kwanza. Nahisi Windows bado inapeleka nywila ya zamani iliyoitunza, na ikiendelea hivyo akaunti yako inaweza kufungiwa. Fungua Credential Manager, sehemu ambako Windows hutunza nywila, tafuta jina la seva, futa. Kisha kwenye cmd (dirisha la kuandikia amri) andika net use * /delete, kubali kwa Y, washa mashine upya. Funga mafaili kabla, maana amri hiyo inakata draivu zote za mtandao, hata ile Z: yako.

Ikigoma tena, jaribu kwa IP ya seva (anwani yake ya namba kwenye mtandao), mfano \\192.168.1.10\uhasibu. IP ikikubali na jina likakataa, angalia DNS, huduma inayogeuza jina kuwa IP.

Ukiona "Access is denied", hiyo ni shida ya ruhusa. Mtu wa IT akague ruhusa za folda kwenye Sharing (za kuingia kupitia mtandao) na Security (za folda yenyewe), zote mbili. Yenye masharti makali ndiyo inayoshinda. Wengi hutoa Full Control, yaani ruhusa kamili, kwenye Sharing, Security wakaisahau. Na asikuwekee Everyone, yaani ruhusa kwa kila mtu, kwenye folda yenye mishahara eti kazi iishe haraka.