Maswali na Majibu: Kiti cha Nyuma cha Ndege ya Kivita

Maswali ya toleo hili yanajibiwa na fundi mstaafu, mzaliwa wa Unguja, aliyefanya kazi miaka mingi katika jeshi la anga la Oman akishughulikia viti vya kufyatuka, yaani vile vinavyomrusha mtu nje ya ndege wakati wa hatari, pamoja na mikanda na miavuli ya marubani.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga, na nina umri wa miaka 62. Mwanangu anafanya kazi Prague, naye kwa kunipongeza kustaafu amenilipia nauli pamoja na safari ya dakika 20 katika L-39, ndege ya mafunzo ya kijeshi ambayo sasa inamilikiwa na raia. Mama watoto hataki hata kulisikia jambo hili, kwa kuwa ameambiwa kuna mzee wa Ufaransa aliyejirusha mwenyewe angani kwa hofu. Je, habari hiyo ni ya kweli? Nikubali zawadi hii au nimwombe kijana arudishiwe fedha zake?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mama watoto hakudanganywa, isipokuwa habari imemfikia ikiwa imekatwa kichwa na mkia, na sehemu zilizokatwa ndizo zinazokuhusu wewe.

Tarehe 20 Machi 2019, katika kambi ya anga ya Saint-Dizier, mashariki mwa Ufaransa, mwanamume wa miaka 64 aliyekuwa mfanyakazi wa sekta ya zana za ulinzi aliketishwa kiti cha nyuma cha Rafale, ndege ya kivita ya Ufaransa, ya viti viwili. Safari hiyo ilikuwa zawadi ya wenzake wa kazini, nao waliifanya siri hadi dakika za mwisho. Yeye hakuwahi kuomba wala kuonyesha hamu ya kupanda ndege ya namna hiyo. Saa aliyoivaa mkononi ilionyesha kwamba moyo wake ulikuwa ukipiga kati ya mara 136 na 142 kwa dakika kabla ya kuruka. Daktari alikuwa amempima siku ileile, saa chache kabla, akamruhusu kwa sharti kwamba mzigo wa mwilini usizidi jii 3, yaani mara tatu ya uzito wake wa kawaida, lakini sharti hilo halikumfikia rubani.

Ndege ikapaa, ikainua pua kwa nyuzi 47, wakati ndege za abiria tulizozizoea hupanda kwa nyuzi 10 hadi 15 tu, na mzigo ukafika karibu jii 3.7. Rubani alipoilaza ndege, mzigo ukageuka ghafla na kushuka chini ya sifuri, hadi -0.6, na hapo mwili haukalii kiti tena bali unataka kukiacha. Mikanda ya mzee yule haikuwa imekazwa. Alipojihisi anaelea, alishika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mikono yake, na kitu hicho kilikuwa mpini wa kufyatulia kiti, ambao hukaa katikati ya mapaja. Alitoka ndegeni kwenye kimo cha futi 2,500, takriban mita 760, kofia yake ikamvuka, akashuka kwa mwavuli na kupona akiwa na majeraha madogo. Ajabu ni kwamba mtambo ulipaswa kumtoa na rubani pia, lakini hitilafu ikakizuia kiti cha mbele, na rubani, ambaye kioo cha juu yake kilikwisha kuvunjika na kumchanachana uso, akaweza kuirudisha ndege na kutua.

Watu wengi walicheka habari hiyo ilipotoka. Mimi niliisoma kama fundi na sikuona cha kuchekesha. Uchunguzi ulionyesha kwamba suruali maalumu ya kubana miguu, inayojaa hewa ili damu isikimbilie chini, haikuvaliwa sawasawa, barakoa ya oksijeni haikufungwa, kioo cha kofia kilikuwa juu na mikanda ilikuwa imelegea. Kila kimoja katika hivyo ni kazi ya mtu mwingine aliyesimama juu ya ngazi kando ya ndege, wala si kazi ya mzee aliyechukuliwa kushtukizwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama juu ya ngazi ile, kwa hiyo najua dakika zile zinavyokwenda mbio na jinsi mtu anavyoona haya kumbana mgeni mheshimiwa.

Nikueleze ilivyokuwa ikifanyika. Kwanza nilimfunga kamba za miguuni, zile zinazoivuta miguu nyuma kiti kinapofyatuka ili isigonge ukingo. Kisha ulifuata mkanda unaopita katikati ya mapaja, ambao watu hawaupendi lakini ndio unaomzuia mtu asiinuke kitini, halafu ya kiunoni, na mwisho ya mabegani. Nilimwambia mgeni atoe pumzi yote, na alipokwisha kuitoa ndipo nilipokaza. Aliyelalamika kwamba anabanwa nilimjibu kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baada ya hapo nilimshika mikono yote miwili, nikaiweka juu ya mapaja yake na kumwambia, "Mikono yako inakaa hapa, na ukitaka kushika kitu, shika goti lako." Nilipomaliza nilichomoa pini za usalama zenye vitambaa vyekundu, zile zinazokizuia kiti kisifyatuke, nikazihesabu kwa sauti mbele ya rubani, nikashuka. Haraka ya kwanza niliyoikataa maishani mwangu ilikuwa ya afisa aliyetaka nizichomoe pini kabla ya kukaza mikanda.

Sasa zawadi yako. L-39 ni ndege ya mafunzo iliyobuniwa hukohuko Chekoslovakia, na ni mpole kuliko Rafale, ingawa kwa mtu aliyezoea daladala upole huo hautaonekana. Uliza mapema kama kiti ni hai au kimezimwa, kwa sababu nyingi zilizo mikononi mwa raia zimetolewa baruti za viti. Ikiwa kimezimwa, uliza kama utavaa mwavuli na namna ya kutoka ndegeni, na ikiwa ni hai, dai uonyeshwe mpini uko wapi na nani mwenye amri ya kuuvuta. Muone daktari wa moyo na mgongo hapo Tanga kabla ya safari, na kiwango atakachokuwekea mwambie rubani kwa kinywa chako, hata kama umeambiwa kwamba karatasi imeshatumwa. Mtu wa kilo 70 akifika jii 4 huwa kama mwenye kilo 280, na damu hukimbilia miguuni, kwa hiyo ukijisikia unabanwa kaza mapaja na tumbo, uvute pumzi fupifupi. Ukiona giza linaingia pembeni mwa macho, sema. Kula kidogo asubuhi, na uchukue mfuko wa kutapikia bila aibu.

Kwa maoni yangu ukubali, kwa kuwa wewe umeambiwa mapema na umeulizwa, jambo ambalo mzee wa Saint-Dizier hakufanyiwa. Mama watoto naye umpeleke uwanjani ajionee mikanda inavyokazwa, na ikiwezekana aikaze yeye.

SWALI: Mjomba, mimi ni kijana wa Mombasa. Raia wasio na vyeo hupataje nafasi ya kupanda ndege za kivita, au ni mambo ya matajiri peke yao?

JIBU: Njia ni mbili, kualikwa na kulipa. Marekani, kikosi cha maonyesho cha Thunderbirds, ambacho kambi yake ni Nellis huko Nevada, huwapandisha waandishi wa habari na watu waliotumikia miji yao katika F-16 za viti viwili, bila malipo, kwa kuwa jeshi hupata kusifiwa. Wenzao wa majini, Blue Angels, hufanya vivyo hivyo, na kwao abiria hupata taabu zaidi, kwani hawavai suruali ya kubana: rubani hutuliza mkono wake juu ya paja anapoendesha, na suruali ikijaa hewa ingeutikisa usukani. Kwa kulipa, watalii waliwahi kurushwa kwa MiG-29 kutoka kiwanda cha Sokol cha Nizhny Novgorod, Urusi, kwa maelfu ya euro. Hapa Afrika, kampuni ya Thunder City ya Cape Town iliuza safari katika ndege za zamani za Uingereza kama Hunter, Buccaneer na Lightning. Tarehe 14 Novemba 2009 Lightning yake moja ilianguka katika maonyesho ya Overberg, na rubani, aliyekuwa peke yake, alikufa kwa kushindwa kufyatuka.

Kwa kuwa umeuliza juu ya wasio na vyeo, ujue pia kwamba mtu wa kwanza kufyatuka hai kutoka ndege iliyokuwa ikiruka kwa kiti cha Martin-Baker, tarehe 24 Julai 1946, hakuwa rubani. Alikuwa fundi wa kiwandani aitwaye Bernard Lynch, naye alitolewa kutoka kiti cha nyuma cha ndege ya Meteor. Sisi mafundi hatupendi jina lile lisahauliwe.

SWALI: Shikamoo Baba. Nilikulia Nanyuki, baba yangu akiwa fundi katika kambi ya anga ya Laikipia yenye ndege za F-5. Zilipopaa, mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi, tukasubiri, kisha akaendelea na neno lilelile. Baba amefariki mwaka huu. Nakumbuka alivyotueleza kwamba asubuhi walitembea kwa mstari njiani mwa ndege, vichwa chini, na kwamba hakuwa na mazoea ya kuweka kitu mfukoni hata nyumbani. Katika vitu vyake nimekuta kibati kidogo cha duara chenye tundu na namba. Ni cha nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba.

Kule kutembea vichwa chini ni kuokota kokoto na vipande vya chuma. Injini ya ndege ya kivita hufyonza hewa kwa nguvu ya kuinua kokoto, na kokoto moja ikiingia huvunja mapanga yake. Hata ndege ya abiria ya Concorde iliyoanguka Gonesse, karibu na Paris, tarehe 25 Julai 2000, na kuua watu 113, ilipasuliwa gurudumu na kipande cha chuma kilichodondoshwa njiani na ndege nyingine. Sisi tulikuwa kambi ya Thumrait, kusini mwa Oman, ng'ambo ya milima ya Dhofar, na mji wa pwani wa Salalah uliponyeshewa manyunyu ya kharifu, yaani msimu wa mvua, kwetu ulikuwa upepo na mchanga, kwa hiyo mstari ulirudiwa hata mara mbili kwa siku. Palikuwa na Waarabu, Wabaluchi, Waingereza na sisi wa Unguja, na mtu alijulikana kabila kwa namna alivyonung'unika. Mifuko nayo ilikaguliwa kabla ya kuisogelea ndege: sarafu, kalamu, tasbihi, vyote viliachwa kwenye sanduku mlangoni.

Kibati ni cha ubao wa vifaa. Katika karakana nilizofanya kazi, kila bisibisi na kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa ukutani. Fundi alipochukua kifaa alitundika kibati chenye namba yake msumarini, mahali pa kifaa hicho, na jioni tulihesabu. Kibati kikibaki kimetundikwa, kifaa hakijarudi na ndege hairuki, tutatafuta hata usiku kucha kwa tochi. Nakumbuka usiku mmoja tulimtafutia kijana bisibisi fupi kama kidole, na alfajiri akaikuta ndani ya buti lake mwenyewe.

Vibati hivyo hurudishwa siku ya kustaafu. Baba yako hakukirudisha, na mimi siwezi kumlaumu, maana changu kiko hapa juu ya meza ninapokuandikia.