Je, tumetenda dhambi kutazama filamu iliyobadilisha habari za Nuhu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tulikaa na watoto kutazama filamu ya Nuhu ya mwaka 2014, ile aliyoigiza Russell Crowe. Nilidhani tutajengwa. Badala yake nikaona majitu ya mawe yakijenga safina, adui kajificha humo ndani, na Nuhu akiinua kisu juu ya wajukuu zake wachanga. Binti yangu anauliza kwa nini Nuhu alikuwa katili hivyo. Je, tumekosa? Na waliotengeneza filamu hiyo, onyo la Ufunuo 22 haliwahusu?

JIBU: Amina, mama. Hapana, hamjatenda dhambi. Onyo la Ufunuo 22:18 linamhusu anayeongeza maneno katika unabii wa kitabu kile, na Kumbukumbu 4:2 inamkataza mtu kuongeza neno katika amri za Mungu. Mwongozaji Darren Aronofsky hakuandika Biblia mpya. Kampuni yenyewe iliyoitoa, Paramount, kabla filamu haijatoka, ilitangaza kwamba wasanii wamejipa uhuru wao na kwamba habari yenyewe imo katika kitabu cha Mwanzo. Kwa hilo nawasifu.

Tena yale majitu ya mawe hayanisumbui. Hakuna mtoto atakayekua akidhani yamo katika Maandiko. Kinachonisumbua ni uongo mdogo unaofanana na kweli. Nikiwa kijana niliwahi kuhubiri kwamba Farao wa Kutoka aliitwa Ramesesi, “kama ilivyoandikwa.” Baada ya ibada mzee mmoja akanifuata, Biblia mkononi, akaniomba kwa upole nimwonyeshe mstari. Haupo! Ramesesi ya Kutoka 1:11 ni mji. Farao hatajwi jina. Jina hilo nililitoa kwenye The Ten Commandments (Amri Kumi), filamu ya Cecil B. DeMille ya mwaka 1956. Humo pia bahari inapasuka kwa dakika chache, nasi tumezoea kuisimulia hivyo, ilhali Kutoka 14:21 inasema BWANA aliirudisha nyuma kwa upepo wa mashariki usiku kucha. Hebu fikiri usiku ule: watu wamesimama gizani, jeshi liko nyuma yao, upepo unavuma, na hawajui kitakachotokea. Kamera haina subira ya kungoja mpaka alfajiri.

Sasa kisu cha Nuhu. Hicho hakimo katika Mwanzo. Kwangu kinanuka Mwanzo 22, habari ya Ibrahimu na Isaka, iliyohamishiwa safinani. Katika filamu Nuhu anadhani Mungu anataka wanadamu wote waishe; basi ili kisu kipate kazi, ilibidi wana wawili wa Nuhu waingie bila wake, ingawa Mwanzo 7:13 inawataja wake watatu wa wanawe, na Petro anahesabu watu wanane waliookoka (1 Petro 3:20). Huyo adui aliyejificha naye angekuwa wa tisa. Ila ule ulevi wa Nuhu baada ya gharika, ambao huenda ulikukwaza kuliko vyote, ni wa Maandiko kabisa: Mwanzo 9:21.

Kwa nini waongeze yote hayo? Filamu ya zaidi ya dola milioni 100 haiwezi kukaa saa mbili na mtu asiyesema. Na Nuhu wa Mwanzo hasemi. Mungu anaagiza vipimo, dhiraa mia tatu kwa hamsini kwa thelathini, naye anajenga. Petro anamwita mhubiri wa haki (2 Petro 2:5), lakini hakuna hata mahubiri yake moja yaliyoandikwa katika Mwanzo. Mwandishi wa filamu ameuona ukimya huo akaujaza hasira na mashaka, kazi ambayo hata sisi wahubiri huifanya kila Jumapili, tena bila kutangaza.

Kwa hiyo usimkemee binti yako, wala usiitupe filamu. Mpe Mwanzo sura ya 6 hadi ya 9 asome mwenyewe, aweke alama ya penseli pale Nuhu anapofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Atafika 9:25, “Na alaaniwe Kanaani,” laana juu ya mjukuu wake mwenyewe, na nadhani atarudi kwako na swali gumu kuliko lile la kisu. Hilo mniandikie.