Bunduki moja, kazi mbili: ununue kalibu gani?

Msomaji mmoja aliyeko Minnesota ameniandikia: "Kaka, nina bunduki moja tu, ya risasi za .308. Msimu wa kulungu naingia nayo porini, siku nyingine napiga nayo shabaha. Nataka kuanza kushindilia risasi mwenyewe. Ninunue kalibu gani?"

Kalibu ni vifaa vya chuma vinavyofungwa kwenye mashine ya kushindilia, ili ganda lililokwisha kufyatuliwa lirudishiwe umbo na kutumika tena. Njia hiyo naijua. Nimekulia Kenya, ambako uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo bunduki nilikuwa naiona begani mwa askari tu. Nilipohamia Texas ndipo nikaanza kwenda uwanja wa shabaha, na wenyeji wake hawakunitilia maanani. Mzee mmoja alinitazama nikipanga vyombo vyangu mezani, akaniuliza kama kwetu bado tunatumia mikuki. Sijasahau. Jumamosi iliyopita nilipiga risasi tano kwa yadi 100, matundu yote ungeyafunika kwa sarafu ya robo dola, na yeye alikuwa meza ya pili. Kimya!

Haya, kalibu. Ganda la shaba likifyatuliwa hutanuka mpaka likagusa kuta za chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa risasi. Kalibu ya kwanza hulifinya lirudi, ya pili hukalisha kichwa cha risasi. Sasa hiyo ya kufinya iko ya kufinya shingo peke yake na iko ya kufinya ganda zima. Wakongwe wa uwanjani wanaisifu ya shingo, eti ganda linabaki na umbo la chemba yako. Mimi nasema kwa bunduki ya kuwindia achana nayo. Ganda lililofinywa shingo tu, likishafyatuliwa mara kadhaa, bega lake, pale linapoanza kunywea kuelekea shingo, linasogea mbele mpaka bolti, yaani komeo la bunduki, inagoma kufunga. Nimeliona hilo tukivizia nguruwe pori. Kundi limesimama mbele yetu, mwenzangu anaigonga bolti kwa kiganja, pa, pa, na nguruwe hao wakatokomea. Tulipolitoa ganda lile, begani lilikuwa na mstari mpya unaong'aa, pale lilipokwaruzwa na chemba.

Nunua ya kufinya ganda zima. Ila usiikaze mpaka mwisho kwa sababu karatasi ya maelekezo imesema hivyo. Ishushe kidogo kidogo huku unapima ganda kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, mpaka bega lirudi nyuma inchi 0.002, yaani milimita 0.05. Ukilirudisha sana, ganda linavutika kila likifyatuliwa, na siku moja litakatika karibu na kitako.

Pesa ikibaki, iweke kwenye kalibu ya kukalisha yenye maikromita (skrubu ya kupimia kina) na ala inayoshika ganda na kichwa katika mstari mmoja kabla havijasukumwa. Nyuzi za nje za kalibu, za 7/8-14 (kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa kila inchi), ni zilezile kwa kampuni nyingi, kwa hiyo changanya bila woga: ya kufinya ya RCBS, ya kukalisha ya Forster, mashine inazipokea zote. Zile zenye ringi za kubadilisha shingoni ziache kwanza. Ringi huchaguliwa kwa kupima shingo ya risasi iliyokamilika na kutoa inchi 0.001 au 0.002, na ukihamia maganda mengine huenda ukahitaji ringi nyingine. Sisi wa ughaibuni tunanunua vitu vya bei ili tusichekwe, ndugu zangu. Tuache! Atakayekucheka atakucheka tu, hata kalibu yako iwe ya dhahabu.

Kuhusu baruti usiniulize kiasi. Fungua kitabu cha mtengenezaji, anza na kipimo cha chini.

Na usisahau mafuta ya kufinyia. Paka ubavuni, kidogo tu, maana yakikusanyika begani yanalibonyeza. Usipopaka kabisa, ganda litakwama ndani ya kalibu, na kulitoa ni kazi ya kutoboa kitako kwa drili, kukata nyuzi na kulivuta kwa skrubu.